Mwenyekiti Aliyeishusha Ghorofa

Kando ya stendi ya Tukuyu pana nyumba ndefu ya matofali, ya mstari mmoja, milango yake yote ikitazama barabara. Wageni huishangaa. Katika mji ambao watu hulima mpaka kwenye mteremko ambao mbuzi angesita kupita, mahali penye thamani namna ile pamejengwa kitu kifupi hivi? Vijana hujibu kwa kicheko kwamba kulikuwa na mzee mmoja mshamba aliyeogopa ghorofa, akaizuia.

Hawakumjua. Mimi nilimjua, na kwa kuwa Mwenyezi Mungu amenipa umri mrefu kuliko nilioutarajia, naona ni haki yake niseme alikuwa mtu wa namna gani.

Tulimwita Mwenyekiti. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya mji, lakini pia wa kamati ya mazishi, wa kamati ya shule na wa kwaya ya kanisani kwao, ingawa hakujua kuimba. Hata dada yake aliyekuwa akishuka kutoka Suma siku za soko na kikapu cha magimbi alimwita Mwenyekiti. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwa wachache, nami sitalitaja hapa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti la mvua lililomfika miguuni na mwamvuli mweusi ambao sikuwahi kuuona umefunguliwa. Mvua yetu ya Rungwe haimtanii mtu, lakini mwamvuli ule ulikuwa wa kuonyeshea. Aliuelekeza kwa mtu aliyetaka aseme, akaugonga sakafuni mtu aliposema kupita kiasi. Mama Chai, aliyeuza chai na vitumbua pale stendi na ambaye alikuwa mjumbe mwenzetu, aliwahi kumuuliza mbele ya watu, "Mwenyekiti, huo mwamvuli umeshonwa usifunguke?"

"Huu ni wa jua," alijibu bila kucheka. "Jua likitoka mtaniona."

Mimi nilikuwa na duka dogo la vitambaa Bulyaga, na jioni nilifundisha watoto Kurani kwenye ukumbi wa nyumba yetu. Babu yangu alikuja huku na biashara akabaki, na sisi tuliozaliwa huku tulibaki wageni kidogo, wageni wa kupendwa. Katika kamati nzima nilikuwa Mwislamu peke yangu. Mwenyekiti hakuruhusu jambo hilo lipite kimya. Kila mkutano aliomba yeye kwanza, kisha akanielekezea mwamvuli. "Na Maalim aombe kwa upande wake, mvua isije ikasema haikuambiwa na wote." Watu walicheka, nami niliomba. Mwezi wa Ramadhani aliniletea ndizi mbivu na kibuyu cha maziwa mgando kabla ya magharibi, akaketi barazani mpaka nifuturu, akitazama pembeni kama mtu anayelinda mlango. Nimesoma kwa mashehe wakubwa, lakini adabu ya kukaa na mtu wa dini nyingine nilijifunza kwake.

Alikuwa na kikohozi cha ajabu. Akikaa hakohoi. Akihutubia saa nzima hakohoi. Lakini akikaribia kona yoyote, ya nyumba au ya njia ya migombani, alikohoa kwa nguvu mara mbili, akasimama, ndipo akapita. Nilimwonea huruma, nikampelekea asali na tangawizi. Alipokea kwa mikono miwili. "Ndaga, Maalim, ndaga fijo," akaniambia, asante sana, na kesho yake nikamsikia akikohoa vilevile kwenye kona ya duka langu.

Na kuna habari ya basi. Alikuwa akirudi kutoka Mbeya, basi limejaa, mvua inapiga. Kufika Kiwira alisimama ghafla akamwambia dereva amshushe. Dereva alimwuliza kama anaumwa. Akasema basi linanuka mafuta. Akashuka na koti lake, akabaki kwenye tope akingoja gari jingine, akafika Tukuyu jua limeshazama, ameloa chapachapa. Tulimcheka kwa majuma. Tulisema Mwenyekiti amekuwa bwana mkubwa, pua yake imechagua.

Sababu ya mambo yote hayo niliijua baadaye sana, lakini naisema mapema ili msomaji asimcheke kama tulivyomcheka sisi. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto wako wa kiume hakutani na wewe. Hakutazami usoni, hali chakula mbele yako, hakai ndani ya nyumba uliyomo. Akikuona njiani hujitupa migombani mpaka upite. Na wewe baba mkwe, kama una heshima, humpi taabu hiyo, unakohoa mapema ili ajue unakuja. Huo si ugomvi. Ni namna yao ya kumheshimu mtu kuliko wote. Mwenyekiti alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume aliye hai, fundi wa magari, na siku ile, watu walipoteremka na viti vikaonekana, alimtambua kwa kanga mke wa mwanawe, ameketi nyuma ya basi na mtoto mgongoni.

Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyesimama kanisani kwao, na baadaye kwenye mikutano ya hadhara, akasema mila hiyo imekwisha. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Sasa sisi ni ndugu," alisema, mwamvuli juu. "Mwanamke anakimbia njia na mzigo kichwani kwa sababu baba mkwe anapita! Tunajenga taifa gani hilo?" Akina mama walipiga vigelegele. Kisha akashuka jukwaani, akaenda zake, na kwenye kona akakohoa mara mbili. Kinywa chake kilikuwa kimefika mbele ya miguu yake, nami simlaumu. Wengi wetu ndivyo tulivyoishi miaka ile ya Azimio.

Lakini alikuwa na tamaa moja, nayo hakuificha. Mkewe alikuwa amefariki. Alikaa peke yake katika nyumba yake ya matofali iliyopakana na stendi, na migomba nyuma yake. Mwanawe alipanga chumba mbali, upande wa Lufingo, kwa sababu uwanja wa baba yake ulikuwa mdogo mno kwa mkwe kumkwepa. Wajukuu aliwaona Jumapili tu, wakiletwa na baba yao. "Maalim," aliniambia siku moja akinunua kitambaa cha kaptula za watoto, "ninataka niwasikie wakigombana. Jumapili wananiletea watoto wa adabu. Mimi ninataka wale wa Jumatatu."

Ndipo ukaja mpango wa jengo.

Wakubwa wa ujenzi walitaka nyumba za wafanyakazi karibu na stendi, ili mwalimu au mganga anayehamishiwa kwetu ashuke kwenye basi afungue mlango wake. Kiwanja kilichofaa kilikuwa cha Mwenyekiti. Alikitoa bila kuvutana. Aliahidiwa nyumba ya pembeni kwenye jengo hilohilo, ile ya chini, na mwanawe, kwa kuwa alikuwa mfanyakazi, angepata ya juu.

Mpango uliletwa na kijana mmoja mzaliwa wa Pwani, tuliyemwita Bwana Ramani. Kijana mzuri, mpole, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi yetu mpaka karatasi zake zikatetemeka naye. Tulikutana kwenye darasa la watoto, wazee tumejikunja kwenye madawati, magoti karibu na kidevu. Alipotamka kwamba ni ghorofa, darasa lilichafuka.

Mama Chai ndiye aliyeanza. "Bwana Ramani, mimi niko chini nimelala, huyo wa juu anatwanga. Nitalala?"

"Hawatatwanga, mama. Watapeleka mashineni."

"Na maganda ya ndizi atatupa wapi? Dirishani, yanikute mimi na sinia la vitumbua?"

"Kutakuwa na shimo la takataka, mama."

"Na huyo wa juu kabisa si ndiye bwana wetu mpya? Mabwana tumewaaga juzi tu, leo tunawainua tena kwa saruji!"

Watu walipiga madawati. Mzee mmoja akauliza choo cha juu kinapita wapi, na kama kinapita kichwani kwa wa chini basi yeye hayumo. Bwana Ramani alianza kujibu akakwama. Mwenyekiti alisimama akagonga mwamvuli.

"Ardhi yetu haizai ardhi nyingine," alisema. "Tukilaza nyumba zote chini, tutamaliza migomba mpaka Lufingo, halafu tukae ndani ya nyumba nzuri tukitazamana kwa njaa. Mtu akikaa juu yangu hawi bwana wangu. Ni jirani yangu, amekaa upande ambao sikuuzoea."

Maneno hayo yaliwatuliza watu. Kisha akamgeukia kijana, na sauti yake ikashuka kama anayeuliza la kwake mwenyewe. "Nakuuliza jambo moja. Ngazi zitakuwa ngapi?"

"Nne, Mzee."

"Nne?"

"Nne kamili. Chini ya hapo wakubwa hawatakubali."

Mwenyekiti aliketi. Nilikuwa ubavuni mwake nikaona uso wake umefunguka kama wa mtu aliyepata habari za mtoto aliyepotea. "Basi nimeridhika," alisema.

Hapo ndipo jambo lilipoharibika, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona. Bwana Ramani alitumia Kiswahili cha maofisini, ambacho kila kitu kina ngazi: ngazi ya kata, ngazi ya wilaya, jengo la ngazi nne, yaani la chini na tatu juu yake. Mwenyekiti alikuwa ameuliza ngazi za kupandia. Alirudi nyumbani akiamini kwamba jengo lina mapandio manne, kila upande lake, na kwamba mke wa mwanawe atapanda kwake bila kupita mlangoni pa baba mkwe maisha yake yote. Angekaa juu, yeye chini, ukuta na sakafu katikati, na watoto wa Jumatatu wakikimbia juu ya dari.

Kwa miezi kadhaa hakuna aliyelipigania jengo lile kama yeye. Alizunguka vilabuni, ambako hakunywa, na makanisani, akaja mpaka msikitini kwetu baada ya swala ya Ijumaa, akavua viatu vyake vya mpira akasimama barazani kutueleza faida ya ghorofa. Lugha yake ya nyumbani haina sauti ya re, basi alisema "gholofa", na watoto wangu wa Kurani wakalichukua neno wakaliimba. Hakukasirika. Aliimba nao.

Siku ya kupima nilikuwepo. Nyumba yake ilikuwa bado imesimama; Bwana Ramani na vibarua walikuwa wamepigilia vigingi kuizunguka, wakafunga kamba. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu. Mwenyekiti alimfuata kijana hatua kwa hatua.

"Mlango wangu?"

"Huu hapa, Mzee. Wa pembeni, kama tulivyokubaliana."

"Na ngazi?"

"Hii hapa." Kijana alionyesha nafasi kati ya kamba mbili, mkono mmoja tu kutoka pale palipokuwa mlango.

"Na zile nyingine?"

"Nyingine zipi?"

"Ulisema nne."

Bwana Ramani alifikiri kidogo, kisha akatabasamu kwa heshima. "Ndiyo, Mzee. Nne. Hii inapanda moja kwa moja mpaka ya nne. Kila anayekaa juu atapita hapa. Hutakosa wageni!"

Mwenyekiti aliutazama mlango wake wa kamba, akaitazama ile nafasi ya ngazi. Aliniambia, "Maalim, twende," tukaondoka. Kwenye kona hakukohoa. Nilidhani ile asali imeanza kumsaidia.

Mkutano uliofuata alikuja kama mtu mwingine. Aliomba kama kawaida, akanipa nafasi yangu, kisha akasema amefikiri tena, ghorofa hailifai eneo letu. Bwana Ramani alidhani ni utani.

"Kwa nini, Ndugu Mwenyekiti?"

"Tetemeko. Milima hii ilikuwa ya moto. Bado inageuka usingizini."

"Tutaweka nondo za kutosha. Mafundi wamelipima hilo."

"Ukungu. Mtu wa juu hataiona stendi."

"Mzee, atashuka aione!"

Watu walicheka, yeye hakucheka. "Maji hayatapanda."

"Yatapanda. Basi, kama nne ni nyingi, tuseme tatu."

"Hapana."

"Mbili. Ya chini na moja juu. Hiyo hata tetemeko litaionea aibu."

"Hata mbili."

Kijana alishusha karatasi zake. "Ndugu Mwenyekiti, naomba uniambie. Unataka jengo la urefu gani?"

"Urefu wa mtu mmoja na bati lake," alisema Mwenyekiti.

Nilisimama kuitetea ghorofa, na nilitumia maneno yake mwenyewe, kuhusu ardhi na migomba. Alinisikiliza macho yakiwa chini. Nilipomaliza alisema, "Maalim amesema vizuri," wala hakujibu. Nikaona jambo jingine ambalo sikulielewa: wazee wa Kinyakyusa, hata wale walioishabikia ghorofa wiki iliyotangulia, walikuwa wamenyamaza kama watu waliokaa msibani. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Alipoitisha kura waliinua mikono pamoja naye, mmoja mmoja, taratibu. Mama Chai aliinua wake bila mzaha wowote. Tuliobaki upande wa ghorofa tulikuwa wachache.

Ndivyo jengo lilivyolazwa chini. Badala ya nyumba nyingi zilipatikana zile chache mnazoziona. Ilibidi zigawiwe, na waliotangulizwa walikuwa walimu na waganga waliotoka mbali. Mwenyekiti alipewa yake ya pembeni, Mama Chai akapangishwa ya pili kwa sababu banda lake la chai lilibomolewa. Mwana wa Mwenyekiti hakupata. Baba yake angeweza kuiachia nafasi yake, na nasikia alitaka, lakini mwana alikataa kumwondoa baba yake kwenye kiwanja chake mwenyewe. Haukupita muda mrefu mwana huyo akapata kazi Mwanza, kwenye karakana kubwa, yenye nyumba. Akaenda.

Waliondoka kwa basi la asubuhi, pale pale mbele ya mlango wa baba yake. Mke alikuwa ameshaketi dirishani, kwa hiyo Mwenyekiti hakuweza kusogea. Alisimama nyuma ya ukuta wa stendi, na mwanawe akamfuata huko wakaagana. Watoto walikuwa tayari ndani ya basi. Mdogo alianza kulia akimtaka babu. Mama Chai alikwenda dirishani, akampokea mtoto mikononi mwa mama yake, akampeleka nyuma ya ukuta, akangoja, akamrudisha. Honi ilikuwa inalia. Nilikuwa naelekea dukani na funguo mkononi; nilisimama nikatazama haya yote bila kuyaelewa, nikafikiri, mzee huyu ana moyo mgumu, hata kumpungia mkwe mkono hawezi.

Nilimwambia hivyo Mama Chai. Alinitazama kama mwanafunzi mzito.

"Maalim, wewe umezaliwa hapa, umekula ndizi zetu mpaka umeota kitambi, na hujui?"

"Sijui nini?"

Akanieleza. Kikohozi, basi la Kiwira, ngazi, yote. Alivyoeleza niliketi kwenye kigoda chake.

"Na ninyi mliyajua haya siku ya kura?"

"Tangu aliposema tetemeko. Nani asiyejua ana mkwe?"

"Kwa nini hamkusema?"

"Tuseme nini? Tumtaje mke wa mwanawe kwenye mkutano, mbele ya kijana wa Pwani? Ni kumvua nguo. Tuliinua mikono ili asiendelee kuulizwa." Akamimina chai, akaiacha ipoe. "Yeye mwenyewe alisema mila imekwisha. Angerudi vipi kusema bado imo kifuani mwake?"

Baada ya hapo nilianza kumpenda kwa namna nyingine, na kumsikitikia. Aliendelea kuwa mwenyekiti wa hiki na kile, lakini watu wageni waliokuja na maendeleo mapya walikuwa wameshaambiwa habari zake. Walimsalimia kwa heshima, wakapeleka mambo kwingine. Kamati ya maendeleo ikapata mwenyekiti kijana. Kamati ya mazishi alibaki nayo.

Aliendelea kuzuia watoto wasicheze karibu na mabasi, akaendelea kuwaonyesha wageni njia kwa mwamvuli. Kila basi la kaskazini lilipoingia alitoka akasimama mlangoni mpaka abiria wa mwisho ashuke. Mwanawe alikuja mara chache, peke yake, maana nauli ya familia nzima ilikuwa mzigo. Mwenyekiti hakuwahi kusema amekosea. Hakuwahi kusema alikuwa sahihi pia.

Miaka ilipita. Bwana Ramani alipita Tukuyu akielekea Kyela, sasa mtu mzima mwenye tumbo na sweta nene. Aliingia dukani kununua kitambaa cha mkewe, akauliza, "Na yule mzee wa tetemeko?" Nilimweleza. Niliona miaka imeshaiondoa aibu ile. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa umeshikilia kitambaa.

"Ngazi ya pili?" alisema. "Alitaka ngazi ya pili tu?"

"Hiyo tu."

"Maalim, ningeiweka nje, upande wa migomba. Kazi ya siku chache. Nisingeomba hata ruhusa." Alitoka bila kuchukua chenji yake, ikabidi nimkimbize.

Nilibaki na neno lile kifuani kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwingine. Nilisikia Mwenyekiti anaumwa, miguu imekataa. Alasiri moja, baada ya kuswali, nilikwenda kumwona.

Nje ya nyumba ya Mama Chai, ile ya pili, mwanamke alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi, mgongo ameuelekeza kwenye mlango wa Mwenyekiti. Nilimsalimia nikapita. Mama Chai alinipokea mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni yule mkwe. Mumewe hakupata likizo, akamtuma yeye kumuuguza baba. Alikuwa amekaa wiki kadhaa. Alipika kwa Mama Chai, akafua shuka za mgonjwa, akachemsha maji ya kumwogeshea. Na hajawahi kuvuka kizingiti. Mama Chai, naye sasa bibi kizee, ndiye aliyeingiza na kutoa kila kitu.

Mwenyekiti alikuwa amelala akitazama bati. Alifurahi kuniona. Aliniuliza habari za duka, za watoto wa Kurani, ambao sasa walikuwa baba za watu. Kisha nikamwambia, maana sikuweza kuendelea kulibeba, kwamba nimeonana na Bwana Ramani, na kwamba ngazi ya pili ingewezekana, tena kwa urahisi.

"Najua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile ya kamba. Kabla hatujafika kwenye kona. Nikasema moyoni, rudi umwombe kijana aweke nyingine nyuma. Miguu ikawa mizito. Angeuliza ya nini. Maalim, wewe unajua kusema na Mungu kwa lugha isiyo yako. Mimi nilishindwa kusema na mtoto mdogo kwa Kiswahili."

Nilimshika mkono. Nje kisu kiliendelea kumenya. Ukuta ulikuwa mwembamba, kila kitu kilisikika.

"Mwambie chumvi ya mchana ilitosha," aliniambia.

Nilisogea mlangoni nikasema, "Baba anasema chumvi ilitosha."

"Mwambie baba namshukuru," ilijibu sauti ya yule mwanamke, "na kwamba jioni nitapunguza, daktari alikataza."

"Anasema..."

"Nimesikia," alisema Mwenyekiti. Alitabasamu kidogo. Kisha akanivuta karibu, ingawa kunong'ona kwake kungeweza kusikika mpaka stendi. "Umemwona hapo nje?"

"Nimemwona."

"Yukoje?"

"Yu mzima, alhamdulillahi."

"Sikuulizi hivyo. Sura yake. Siku ya arusi alifunikwa. Baada ya hapo nimeona kanga yake ikiingia migombani, basi. Mke wa mwanangu huyu, amenichemshia maji ya kuoga, sijui kama ni mweusi au maji ya kunde. Niambie."

"Mwenyekiti," nilisema, "sikumtazama. Sisi tumefundishwa kuinamisha macho kwa mke wa mtu."

Alinikodolea macho, kisha akaanza kucheka, kicheko kikavu kilichomtikisa kitanda kizima, mpaka Mama Chai akaja kuchungulia. "Mungu wangu," alisema akijifuta machozi, "nimemtuma kipofu mwenzangu! Nenda basi. Nenda ukatazame. Nakutuma mimi baba yake, hakuna dhambi."

Nilisimama nikatoka. Kisu kilikuwa kimenyamaza. Alikuwa amesikia yote, na ameshainuka kwenye kigoda. Mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi, kwa hiyo aliivuta kanga kichwani kwa kiwiko, akaiteremsha mpaka mabegani, akanigeukia kwenye mwanga.

"Nitazame vizuri, Maalim," alisema taratibu. "Na umwambie nimeanza mvi. Usimfiche."

Nikainua macho.